Badfinger, Big Star na mota ya Hz 60: yaliyonikuta Mbeya nisingependa yakukute

Naandika hii kwa ajili ya mtu mmoja ambaye simjui, yuko Iringa au Njombe au Sumbawanga huko, anapenda bendi ambazo jirani zake wote hawajawahi kuzisikia, na sasa hivi ana hela kidogo ameshika anataka kuagiza mashine ya santuri na kuita watu waje wasikilize. Subiri kwanza. Mimi nimepita hapo, imenitoka zaidi ya milioni moja na nusu na nyumbani tulinuniana karibu mwezi mzima, na mengi yangeepukika kama ningekuwa na mtu wa kuniambia.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni wa Iyunga, hapa Mbeya, nimekulia karibu na reli. Mjomba wangu alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, treni za Dar mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na kila akirudi kutoka Zambia alikuwa na kitu kwenye begi, blanketi, sabuni, siku nyingine kaseti. Kuna kaseti moja haikuwa na kava wala maandishi. Upande mmoja ulikuwa na Wazambia wanapiga roki, hao nilikuja kujua ukubwani kwamba ni Amanaz, albamu yao Africa ya 1975, muziki unaoitwa Zamrock. Upande wa pili nyimbo nne tu za kizungu, na wa tatu ndio ulionimaliza, gitaa linateleza linalia kama mtu, halafu sauti zinaingia mbili mbili taratibu. Redio yetu ilikuwa ya betri, na mwisho wa mwezi betri zikichoka mama alikuwa anazianika juani zipate nguvu, kwa hiyo wimbo ule nimeusikia utotoni ukiwa mzito, unajivuta, na mimi nilijua ndivyo ulivyo. Kumbuka hili la betri, nitalirudia.

Jina la wimbo sikulijua kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipopata simu nzuri mwaka 2016 nikasema sasa leo, nikaweka kaseti, nikafungua Shazam, ile programu ya simu inayotambua wimbo, ikakataa, nikajaribu tena na tena, ikakataa. Ile programu inataka wimbo uende kasi yake, na utepe wangu ulishavutika. Kama una kaseti ya zamani usihangaike huko, andika tu maneno matatu manne unayoyasikia kwenye Google hata kama huna uhakika nayo, mimi nilipata jioni ile ile. Day After Day, bendi ni Badfinger, 1971, na lile gitaa linaloteleza amelipiga George Harrison wa Beatles pamoja na Pete Ham mwenyewe aliyetunga wimbo.

Usiku ule nilisoma habari zao mpaka bando likaisha. Hii ni bendi iliyoanzia Swansea, Wales, kwanza walijiita The Iveys, wakasajiliwa na Apple, kampuni ya Beatles wenyewe. Wakatunga Without You, iko kwenye albamu No Dice ya 1970, Pete Ham na Tom Evans kila mmoja alikuwa na kipande chake cha wimbo wakaviunganisha, na wao hata hawakuutoa kama wimbo wa peke yake. Harry Nilsson akauimba ukawa namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1972. Mariah Carey akauimba tena 1994, na huo ndio kila mtu hapa Mbeya anaujua, umepigwa kwenye maharusi mpaka basi. Waliotunga wao hela ziliishia kwenye mikono ya waliokuwa wanawasimamia. Pete Ham alijiua Aprili 1975, zimebaki siku tatu atimize miaka 28. Tom Evans naye akajiua 1983. Kiukweli nililia, na sio kwa sababu ya kifo peke yake, nilifikiria ni watu wangapi wameshikana mikono ukumbini wakiimba wimbo ule na hakuna hata mmoja anayejua jina la mtu aliyeutunga.

Basi hapo nikawa nimeingia. Bendi moja inakupeleka kwa nyingine. Nikawapata Big Star wa Memphis, albamu yao ya kwanza inaitwa #1 Record, ya 1972, waandishi wa muziki waliisifia sana ila kampuni iliyotakiwa kuisambaza ilikuwa na matatizo yake, mtu anasoma sifa gazetini, anaenda dukani, santuri hamna. Nikawapata The Zombies wa Uingereza, walirekodi Odessey and Oracle 1967, wakavunja bendi kabla hata haijatoka, halafu 1969 wimbo wao Time of the Season ukapanda mpaka namba tatu Marekani wakati bendi yenyewe haipo tena. Nikawapata Teenage Fanclub wa Scotland. Wote hawa kitu chao ni kimoja, wimbo mfupi wa dakika tatu hivi, melodi inayokaa kichwani, magitaa yanayong'aa na sauti zilizopangwa. Bendi nyingi za namna hii zinaitwa pawa pop. Mimi naona ni watu waliopenda wimbo kuliko walivyopenda kuonekana.

Sasa kosa la kwanza kubwa. Mwaka 2022 nikaamua nataka santuri zenyewe. Mimi nina duka la steshenari Mwanjelwa, natoa kopi, nalaminisha, naandika barua za kazi, mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Nikaona mashine iliyotumika inauzwa Marekani, nzuri, ya miaka ya 70, kwa hela yetu kama 310,000. Muuzaji akaniambia huko kwenu umeme ni mkubwa, nunua transfoma ya kushusha, basi. Nikamwamini. Usafiri 260,000, kodi na kuitoa 145,000, transfoma 85,000. Ikafika, nikaiunga kwenye ampli yangu ya kawaida, sauti ikatoka kama mbu amefungiwa kwenye kopo. Kumbe sindano za mashine nyingi zinatoa umeme mdogo mno, unahitaji kikuzaji chake cha katikati kabla ya ampli, wanaita fono, ampli nyingi za zamani zilikuwa nacho ndani, nyuma pameandikwa phono, za siku hizi nyingi hazina. Nyingine 95,000 hiyo. Kabla ya kununua chochote geuza ampli yako uangalie nyuma, ni kitu cha dakika moja.

Santuri nilichukua tano, na usafiri wake ikawa 420,000. #1 Record, No Dice na Straight Up za Badfinger, Odessey and Oracle, na ya tano ni ya kwetu, Ave Africa ya Sunburst, bendi iliyoanzia Dar, albamu ilitoka Zambia 1976 ikaja kuchapwa upya 2016. Zilifika Dar salama kabisa. Kutoka Dar nikazipakia kwenye basi kama kifurushi, zaidi ya kilomita 800, na sikumwambia mtu yeyote ndani kuna nini kwa kuogopa kuibiwa. Wakaziweka buti ya nyuma, juu ya injini. Morogoro mwezi wa kumi na mbili unalijua joto lake. Nilipofungua boksi, Straight Up na Odessey zilikuwa zimepinda ukingoni kama sahani la bati lililokaliwa. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Straight Up ndio yenye Day After Day, ndio niliyoingojea kuliko zote.

Nikajaribu kuzinyoosha, vioo viwili, santuri katikati, vitabu juu, nikaweka dirishani jua la asubuhi lisilo kali. Straight Up ilinyooka nusu, Odessey nilizidisha jua ikaharibika moja kwa moja. Ukiwa nayo iliyopinda usiiweke juani kabisa, ibane tu na uiache wiki kadhaa. Na kifurushi chako mwambie kondakta ni santuri, mpe hata buku tano aiweke juu ndani na abiria, isimame wima.

Nyumbani nilikuwa nimemwambia mama watoto kwamba kila kitu ni laki tatu. Aliziona risiti kwenye droo ya dukani siku nimeenda Tukuyu. Hakupiga kelele. Aliziweka juu ya meza, akazipanga kwa tarehe, akaniuliza mabati ya chumba cha watoto yananunuliwa na nani. Tulikuwa tumekubaliana hela ile ni ya mabati. Sina la kujitetea na sitaki kulifunika hapa, watoto wale walilala chumba kinachovuja masika nzima. Kama mwenzako hajui bei halisi, wewe bado hujawa tayari kununua.

Halafu badala ya kutulia nikazidi. Nikasema nikiita watu nikatoza kiingilio hela itarudi. Nikakodi ukumbi 120,000, projekta kubwa 50,000, vitafunwa na soda 80,000, nikabandika matangazo Kabwe, Mafiati, mpaka Uyole, "Jioni ya bendi kubwa usizozijua". Viti sitini. Walikuja kumi na moja, wanne ni ndugu zangu. Na hao kumi na moja niliwasimulia kwanza, dakika arobaini, Memphis, Swansea, nani alimdhulumu nani, nani alikufa lini, wimbo hata mmoja haujapigwa. Nilipokuja kuweka sindano watu walishachoka, baridi ya Juni inaingia mlangoni, kijana mmoja akaniuliza kwa heshima tu, kaka, hakuna Don Williams? Nilikasirika moyoni wakati ule. Leo naona yule kijana alikuwa ananipa njia. Huku kwetu watu wanampenda sana Don Williams, wanapenda wimbo wenye melodi inayoeleweka na mtu anayeimba kama anaongea na wewe, yaani masikio yapo tayari. Ningeanza na Don Williams wawili, nikafuatisha Thirteen ya Big Star, gitaa kavu na sauti tu, pasingekuwa na haja ya hotuba.

Katika wale kumi na moja alikuwepo mwalimu mmoja wa kwaya, mtu mzima, kanisa lao ni la Moravian. Alibaki watu walipoondoka. Akasalimia kinyumbani, ugonile, nikaitika, akaniambia, "Mdogo wangu, wale wa wimbo wa pili wamepanga sauti vizuri sana, lakini mbona wamezama? Huyu anayeimba sio mtu wa sauti nzito. Anavyoimba ni mtu wa tenor, sauti inatoka ya mtu mwingine."

Sikumwelewa. Wimbo wenyewe ni The Ballad of El Goodo, uko kwenye #1 Record, na mimi albamu ile nilikuwa nimeiwekea kiapo nisiimalize kwenye simu, nimeionja nyimbo mbili tu, nataka nyingine nizisikie kwenye santuri kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nimeisikiliza muda wote ule kwenye mashine yangu na nikaipenda ule uzito wake, ilikuwa inanikumbusha nyumbani, kaseti ya mjomba, zile betri za kuanikwa.

Jumapili iliyofuata mwalimu akaja kwangu na kinanda kidogo. Tukaupiga wimbo kwenye simu, akatafuta kii, ile sauti ya msingi ya wimbo, akaipata. Tukaupiga kwenye santuri, akatafuta, akashuka kitufe kimoja, kingine, cha tatu, akasimama. Akasema imeshuka nusu toni tatu na kidogo, haikai hata sawasawa kwenye kitufe, hiyo sio kii ya binadamu, hiyo ni mashine. Tukabandika kikaratasi chekundu ukingoni mwa sahani inayozunguka, mimi nahesabu, yeye anashika saa. Santuri ya kawaida inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, maana yake dakika tatu ni mizunguko mia kamili. Mimi nilihesabu 83. Tukarudia, 83.

Nikageuza mashine, nyuma kibandiko kidogo kimefifia, 120V 60Hz. Umeme wetu ni 230V, Hz 50, yaani unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Ile transfoma inashusha volti peke yake, Hz haigusi, na mota za namna ile zinafuata Hz, kwa hiyo mashine ilikuwa inakwenda sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Kila kitu nilichokuwa nimewapigia watu ukumbini kilikuwa kimezama. Niliona aibu kwa ajili ya wale jamaa wa Memphis kuliko kwa ajili yangu, maana Chris Bell wa Big Star alifariki kwa ajali ya gari 1978 na miaka 27, albamu hii ndio kazi aliyoiweka moyo wake wote, na mimi nimeipeleka kwa watu ikiwa mgonjwa.

Dawa yake haikuwa ghali na ndio sehemu ninayotaka uishike. Mashine yangu inazungushwa na mkanda wa mpira kutoka kwenye kipuli, kigurudumu kidogo cha mota. Mota ikienda taratibu, kipuli kikiwa kinene zaidi inafidia. Nikakitoa, nikampelekea fundi wa kukereza vyuma, tukapima na venia, milimita 9. Mara 1.2 inakuwa 10.8. Akakereza kipande cha shaba, cha kwanza kikatoka kinene kidogo tukahesabu mizunguko 102, akakipunguza kwa msasa huku kinazunguka, tukajaribu 101, akapunguza tena nywele tu, tukapata 100. Akaniomba 25,000. Ila ujue hii ni kwa mashine za mkanda zenye mota inayotumia umeme wa ukutani kama ulivyo (AC), kuna nyingine zina mota ya umeme kama wa betri, wa kupitia adapta (DC), hizo hazijali Hz, na hizo ndizo ningekushauri ununue, au chukua iliyotoka Uingereza au Japani ila hakikisha kibandiko kinasema 50Hz maana Japani wana zote mbili, na ya Japani ni ya volti 100, bado inataka transfoma ya kushusha.

Tangu hapo hatujakodi ukumbi. Jumapili baada ya ibada mwalimu anakuja na wanakwaya wake wanne watano, mama watoto anapika chai ya maziwa na viazi, tunakaa sebuleni. Mama watoto mwenyewe alikuja kukaa mara ya tatu, nilipopiga Without You ya wenyewe, ile ya No Dice, ambayo ni kavu kavu haina makeke ya Mariah. Alisikiliza amesimama na birika mkononi. Akaniuliza ndio hawa walionyimwa hela? Nikamwambia ndio hawa. Akakaa. Mabati niliyanunua mwezi wa tisa baada ya kuuza projekta ndogo ya dukani, nalitaja ili lisibaki hewani.

Utaratibu wetu tulioufikia ni huu, wimbo kwanza, maneno baadaye na kama mtu ameuliza. Hatuvuki nyimbo sita kwa siku. Mwalimu ana daftari lake la kwaya, la mraba mraba, na kurasa za nyuma ameanza kuandika sauti za El Goodo kwa solfa, soprano hana kwa hiyo ameacha mstari wazi, alto, tenor, besi, amefuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka kwenye kibwagizo, kuna mahali anasema sauti ya juu inashuka wakati ya chini inapanda na yeye kwenye miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kuwapa wanakwaya kitu kama hicho. Sunburst nao walishangaza, watu hawakuamini ni bendi ya Dar, binti mmoja wa alto aliomba irudiwe mara tatu.

Mwezi uliopita nikamleta mjomba. Amestaafu siku nyingi, anatembea na fimbo, masikio bado. Straight Up bado imepinda ukingoni, ukiweka sindano mwanzo wa upande wa pili inaruka, lakini Day After Day ni ya tatu, iko ndani kidogo, huko santuri imetulia. Nikaishusha pale. Lile gitaa likaingia. Mjomba akasikiliza ameinamisha kichwa, akaniambia, "Mwanangu, hawa mbona wanakwenda mbio?"

Nikamweleza ya betri, ya mama kuzianika, ya utepe kuvutika. Akanyamaza kidogo. Akasema sindano irudi nyuma, wimbo ule ule, na safari hii mwalimu akaanza kuimba besi taratibu pembeni yake.